Shajara ya mradi: kusoma konstanti zenye nukta bila kupoteza hata biti moja

11 Januari 2025: Ninachoanza nacho

Lugha ya programu ninayoitengeneza imekaa miezi mitano ikijua namba kamili tu. Kompaila yake, yaani programu inayoigeuza kodi kuwa maagizo ya mashine, nimeiandika kwa C, ina mistari kama 3,200, na ukiandika `0.5` leo inakukatalia kwa ujumbe kwamba nukta haikutarajiwa mahali pale. Naanza kuiongezea namba za nukta inayoelea. Hatua ya kwanza ndiyo inayoonekana nyepesi kuliko zote: mtu akiandika konstanti kwenye programu yake, kompaila iisome na kuigeuza kuwa biti 64 za muundo wa IEEE 754, ule uliotoka mwaka 1985 na ambao karibu kila prosesa ya leo inaufuata.

Kwa asiyeukumbuka muundo huo: biti 1 ni ya alama, 11 ni za kipeo na 52 ni za mantisa, yaani tarakimu zenyewe za namba. Namba za kawaida zina pia biti moja ya mbele isiyoandikwa kwa sababu siku zote ni 1, kwa hiyo usahihi halisi ni biti 53. Kipeo huhifadhiwa kikiwa kimeongezewa 1023.

Sharti nililojiwekea ni moja tu. Kila konstanti igeuke kuwa namba ya biti 64 iliyo karibu zaidi na kilichoandikwa, na kama mbili ziko umbali sawasawa, ichukuliwe ile ambayo mantisa yake ni shufwa. "Karibu sawa" siipokei. Makosa mengine ya hesabu mwandishi wa programu anaweza kuyasaka ndani ya kodi yake, lakini konstanti akiitazama anaona `0.3`, na ataendelea kuona `0.3` hata kama kompaila imehifadhi kitu kingine. Hana pa kuanzia kutafuta. Kazi hiyo ni yangu, na ndiyo maana naandika shajara hii hatua kwa hatua ili mwingine akitaka kuiga asirudie niliyoyakosea.

18 Januari: Kukata maandishi

Sehemu inayokata maandishi kuwa vipande nilidhani itamalizika kwa jioni moja. Zimekuwa mbili, na mistari 74.

Nilianza kwa ukarimu wa C: `.5` inakubaliwa, `5.` inakubaliwa. Kisha programu ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikavunjika, kwa sababu lugha yangu ina kitanzi cha masafa kinachoandikwa `1..10`. Kompaila ilikata `1.` ikaona ni desimali, ikakata `.10` ikaona ni desimali nyingine, halafu ikalalamika kwamba namba mbili zimefuatana bila alama yoyote kati yake. Ningeweza kuifanya ichungulie herufi moja mbele kabla ya kuamua. Nilichagua kanuni ambayo hata binadamu anaiona haraka: nukta lazima iwe na tarakimu pande zote mbili. `0.5` na `5.0` zinapita, `.5` na `5.` zinakataliwa kwa ujumbe unaosema wazi nini kinakosekana. Aliyezoea C ataongeza sifuri moja, si mzigo.

Kosa la pili lilikuwa `0x1e+2`. Hiyo ni namba ya mfumo wa 16 iliyoongezwa 2, yaani 30 na 2, jibu 32. Kodi yangu ilipoiona `e` ikifuatwa na alama ya kujumlisha ilidhani ni kipeo cha kumi, kama kwenye `1e+2`. C yenyewe ina mtego huu huu: kanuni zake za awali humeza `0x1e+2` yote kama kipande kimoja, kisha kipande hicho kinakataliwa. Kwangu nimetenganisha mapema. Baada ya `0x`, herufi `e` ni tarakimu na si kitu kingine.

Mstari wa chini unaotenganisha tarakimu, kama `1_000.5`, unakubaliwa iwapo tu una tarakimu kulia na kushoto. Mkato wa desimali, unaotumika kwenye maandishi ya kawaida katika nchi nyingi, sikuufikiria sana: `f(1,5)` tayari ina maana ya hoja mbili.

26 Januari: Njia ya kwanza, na 0.3 iliyokataa

Nilianza na njia ambayo nadhani kila mtu huanza nayo:

```
kabla ya nukta:  thamani = thamani * 10 + tarakimu
baada ya nukta:  uzito = uzito * 0.1
                 thamani = thamani + tarakimu * uzito
```

`0.5` sawa. `0.25` sawa. `0.1` sawa. `0.3` ikatoka 0.30000000000000004.

Chanzo ni ile `0.1` niliyoiandika mimi mwenyewe ndani ya kompaila. Katika mfumo wa mbili, moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika mfumo wa kumi. Namba ya biti 64 iliyo karibu nayo zaidi, ukiiandika yote, ni hii:

0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625

Imezidi kidogo sana. Ukiizidisha kwa 3, ziada nayo inazidishwa kwa 3, na safari hii inatosha kuivusha hadi namba inayofuata. Tarakimu zikiwa nyingi baada ya nukta, makosa hayo yanapandana moja juu ya jingine.

Dawa ya sehemu ya kwanza ni rahisi: usiguse sehemu za kumi kabisa mpaka mwisho. Kusanya tarakimu zote kuwa namba kamili moja, hesabu ngapi ziko baada ya nukta, kisha gawa mara moja. 3 na 10 zote zinahifadhiwa bila kosa, na IEEE 754 inalazimisha jibu la kugawa liwe lile lililo karibu zaidi na jibu halisi. Makadirio yanafanyika mara moja tu, na `0.3` ikakaa sawa.

2 Februari: Jedwali la vipeo vya kumi

Nilifurahia njia ya kugawa mara moja kiasi cha kutengeneza jedwali kuanzia 10 kipeo 0 hadi 10 kipeo 308, nikaona nimemaliza. Majaribio mawili yalinirudisha.

La kwanza ni `2.2250738585072014e-308`, namba ndogo kuliko zote zilizo na biti 53 kamili. Ikatoka sifuri. Ukiisogeza nukta mpaka mwisho, konstanti hiyo ni 22250738585072014 kwa 10 kipeo −324. Kigawanyo ni 10 kipeo 324, ambacho hakiingii kwenye biti 64, kinageuka kuwa isiyo na mwisho, na chochote ukigawa kwa isiyo na mwisho unapata sifuri. Nikagawa mara mbili, kwa 1e300 kisha kwa 1e24. Sifuri ikaondoka, lakini biti za mwisho zikaanza kwenda zitakako.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. 10 kipeo 22 ni 2 kipeo 22 mara 5 kipeo 22. Zile za 2 zinakwenda kwenye kipeo bila gharama, na 5 kipeo 22 ni 2384185791015625, inaenea ndani ya biti 53. 5 kipeo 23 ni 11920928955078125, imepita 9007199254740992 ambayo ni 2 kipeo 53. Kwa hiyo jedwali langu lilikuwa sahihi hadi nafasi ya 22, na kuanzia ya 23 hakuna hata namba moja iliyo halisi. Nilikuwa nagawa kwa makadirio na kutegemea jibu halisi.

Jaribio la pili lilikuwa `1e4294967297`. Jibu: 10.0. Kipeo nilikuwa nakikusanya ndani ya namba kamili ya biti 32, na 4294967297 ni 2 kipeo 32 jumlisha 1, kwa hiyo ikazunguka ikabaki 1. Konstanti iliyopaswa kukataliwa kwa ukubwa ikapita kimya ikiwa kumi. Sasa konstanti yoyote ndefu kuliko herufi 4,096 inakataliwa, na kipeo kikifika 10,000 kinaachwa hapo hapo hata tarakimu zikiendelea. Kwa urefu huo wa herufi, nukta haiwezi kusogezwa mbali kiasi cha kukirudisha kipeo hicho kwenye masafa halali. Isipokuwa tarakimu zote ziwe sifuri: `0e99999` ni sifuri, na inabidi iangaliwe kwanza.

9 Februari: Funksheni ya maktaba

Baada ya hayo nilichoka, nikachukua njia fupi. Maktaba ya C ina `strtod`, funksheni inayogeuza maandishi kuwa namba yenye nukta, imeandikwa na watu waliokwisha kuumia kwa haya yote. Mchana mmoja, mistari 9, majaribio yote yakapita. Nilidhani entri hii ingekuwa ya mwisho.

Mbio za sakafuni. Mwenzangu anayeijaribu lugha hii aliiweka kompaila ndani ya programu yake yenye madirisha, akaniandikia kwamba `3.14` kwake ni 3. Si 3.1, si 3.15. Ni 3 kavu.

Programu zenye madirisha huita `setlocale` zinapoanza ili tarehe na namba zionekane kwa desturi ya mtumiaji. Kompyuta yake imepangwa kwa desturi inayotumia mkato kama alama ya desimali. `strtod` inafuata desturi hiyo: ikasoma 3, ikakutana na nukta isiyoitambua, ikasimama, ikarudisha 3 na kunionyesha mahali iliposimama. Mimi sikuwa nimeangalia mahali hapo. Kwa hiyo makosa ni mawili, na la pili ni langu kabisa. Ukiitumia `strtod`, hakikisha kiashiria cha mwisho kimefika mwisho wa konstanti. Hata kama hujui chochote kuhusu desturi za nchi, ukaguzi huo ungekupigia kelele.

Nilifikiria kubadilisha desturi kabla ya kusoma na kuirudisha baadaye. Lakini `setlocale` inagusa programu nzima pamoja na nyuzi nyingine zinazoendelea na kazi zake wakati huo huo. Kompaila inayobadilisha maana ya nukta kwa wenyeji wake haifai. Programu moja ikisomwa kwenye mashine mbili lazima itoe biti zile zile. Naandika kisomaji changu mwenyewe.

23 Februari: Hesabu kamili

Wiki mbili zimekwenda hapa, na hii ndiyo hatua niliyoipenda kuliko zote.

Wazo ni kuacha kabisa kutumia namba zenye nukta wakati wa kuzitengeneza. Konstanti yoyote ya desimali ni sehemu: kiasi juu, asili chini, zote namba kamili. `0.1` ni 1 juu ya 10. Kinachotakiwa ni kuizidisha sehemu hiyo kwa 2 mara nyingi za kutosha mpaka jibu la kugawa liwe na biti 53 barabara, kisha kutazama baki.

Kwa `0.1` unazidisha kwa 2 kipeo 56. Kiasi kinakuwa 72057594037927936. Ukigawa kwa 10 unapata 7205759403792793 na baki 6. Jibu hilo liko kati ya 2 kipeo 52 na 2 kipeo 53, yaani lina biti 53. Baki 6 ni zaidi ya nusu ya 10, kwa hiyo unapandisha: 7205759403792794. Kwa mfumo wa 16 hiyo ni 1999999999999A, na ile A ya mwisho ndiyo kule kupandisha. Hakuna kisio popote. Baki likiwa chini ya nusu unaacha, likiwa zaidi unapandisha, likiwa nusu kamili unaangalia kama jibu ni shufwa au witiri.

Gharama yake ni namba kamili kubwa. Nilihitaji kujua ukubwa wake kabla ya kuandika, kwa sababu sikutaka kuomba kumbukumbu katikati ya kusoma. Hapa kuna jambo zuri: namba ya biti 64 yenye desimali ndefu kuliko zote ina tarakimu 767 za maana, na sehemu ya katikati kati ya namba mbili jirani inaweza kuongeza tarakimu moja tu. Kwa hiyo natunza tarakimu 800 za kwanza. Zikizidi, natazama tu kama kati ya zilizobaki kuna isiyo sifuri. Kama ipo, naongeza tarakimu 1 mwishoni. Hiyo inatosha kuivusha konstanti upande wake sahihi wa katikati, kwa sababu hakuna katikati yoyote yenye tarakimu nyingi kiasi hicho. Asili kubwa kabisa inakuwa karibu na 10 kipeo 1124, biti zisizofika 3,800. Maneno 128 ya biti 32 yanatosha, baiti 512 kwa kila namba, na nahitaji tatu.

Jaribio ninalolipenda hapa ni 1 jumlisha 2 kipeo −53, ambayo ni katikati halisi kati ya 1 na jirani yake wa juu:

`1.00000000000000011102230246251565404236316680908203125`

Lazima itoke 1.0, kwa kuwa mantisa ya 1 ni shufwa. Ukiongeza tarakimu `1` mwishoni kabisa lazima itoke 1.0000000000000002. Kisomaji kinachotazama tarakimu 20 za kwanza tu hakiwezi kuzitofautisha hizo mbili.

1 Machi: Moja kasoro kidogo ikawa nusu

Niliandika `0.99999999999999999`, tisa 17. Jibu sahihi ni 1.0, kwa sababu hiyo ndiyo namba iliyo karibu zaidi. Kompaila ikasema 0.5.

Jibu la kugawa lilikuwa 2 kipeo 53 toa 1, biti zote 53 zikiwa 1. Kupandisha kukaligeuza kuwa 2 kipeo 53, yaani biti 54. Nami nilikuwa nakata biti 52 za chini na kuziunganisha na kipeo kwa kuweka biti juu ya biti. Hizo 52 zote zilikuwa sifuri, kipeo kikabaki kile cha nusu, na hiyo ni 0.5 kamili.

Muundo wa IEEE 754 una dawa ndani yake. Kipeo kiko juu ya mantisa moja kwa moja, kwa hiyo ukijumlisha badala ya kuunganisha, biti iliyofurika inaingia kwenye kipeo yenyewe na kukipandisha kwa 1. Nilifuta mistari 6, nikabakiwa na alama moja ya kujumlisha. Ajabu ya jambo hili ni kwamba ujanja huo huo unafanya kazi hata pale namba ndogo zisizo na biti ya mbele zinapopanda na kuwa za kawaida.

Hizo namba ndogo zilikuwa na kosa lao. Chini ya 2.2250738585072014e-308, kadiri unavyokaribia sifuri, biti za usahihi zinapungua: 52, 51, mpaka moja tu kwa `5e-324`. Mimi nilikuwa nakadiria kwanza hadi biti 53, kisha naisogeza kulia na kukadiria tena. Kukadiria mara mbili si sawa na kukadiria mara moja. Ni kama kupeleka 0.449 kuwa 0.45, kisha 0.45 kuwa 0.5, kisha 0.5 kuwa 1. Sasa najua kwanza namba itabakiwa na biti ngapi, kisha nagawa kwa biti hizo tu.

Ukanda huu umewahi kuumiza wakubwa pia. Januari 2011 iligundulika kwamba PHP kwenye baadhi ya mashine ikipewa 2.2250738585072011e-308 inazunguka bila kukoma. Wiki chache baadaye Java ikaonekana inakwama vivyo hivyo kwa 2.2250738585072012e-308. Yeyote aliyeweza kutuma namba kwenye seva aliweza kuisimamisha. Visomaji vyote viwili vilikuwa vikirekebisha jibu kidogo kidogo mpaka litulie, na kwenye mpaka huu halikutulia. Njia ya kugawa mara moja haina kitanzi cha aina hiyo, na hilo linanipa usingizi.

9 Machi: Njia ya mkato

Kugawa namba za biti elfu kadhaa kwa ajili ya kusoma `2.5` ni kazi ya bure. William Clinger alionyesha mwaka 1990 kwamba pale tarakimu zinapoingia kwenye biti 53 na kipeo cha kumi hakizidi 22 kwa upande wowote, kuzidisha au kugawa mara moja kunatoa jibu sahihi. Ni jedwali langu lile la 2 Februari, safari hii likikatwa mahali lilipopaswa kukatwa. Mistari 18. Konstanti karibu zote ambazo watu huandika kweli zinapita hapa.

Onyo moja kwa atakayeiga: njia hii inataka prosesa ikadirie hadi biti 53 kweli. Prosesa za zamani za Intel zenye rejista za x87 hukokotoa kwa biti 80 na kukadiria tena zinapohifadhi, na hapo unarudi kwenye kukadiria mara mbili. Kwenye mashine za namna hiyo nimeizima, hesabu kamili inafanya kazi yote.

16 Machi: Alama ya hasi

Katika lugha yangu, kama ilivyo kwenye C, `-2.5` ni alama ya hasi iliyowekwa mbele ya konstanti `2.5`. Kwa namba kamili nilikuwa nimeitekeleza kama 0 toa x. Kwa namba zenye nukta hiyo si sahihi: 0.0 toa 0.0 ni sifuri chanya, wakati `-0.0` inapaswa kuwa sifuri hasi. Tofauti inaonekana ukigawa 1.0 kwayo, moja inakupeleka juu bila mwisho na nyingine chini bila mwisho. Sasa alama ya hasi inageuza biti ya alama na haifanyi hesabu yoyote.

Nikajaribu tena, na `-0.0` ikaendelea kuwa chanya. Si kila mara, mara nyingine tu. Nikihamisha mstari mmoja juu ya mwingine, jibu linabadilika. Siku mbili nilizipoteza hapa.

Kompaila huweka konstanti zake kwenye jedwali na, ikikutana na iliyokwisha kuwekwa, hutumia ile ile. Ulinganisho niliufanya kwa `==`. Lakini 0.0 `==` −0.0 ni kweli, kwa hiyo ile iliyotokea kwanza kwenye programu ilimeza ya pili. Kinyume chake, thamani "si namba" hailingani hata na yenyewe, hivyo kila ilipotokea iliongezewa nafasi mpya. Dawa ya yote mawili ni moja: kwenye jedwali la konstanti linganisha biti 64, usilinganishe thamani. Ni mstari mmoja, na ningeomba kila anayeandika kompaila auangalie leo.

23 Machi: Biti 32 na mfumo wa 16

Konstanti yenye `f` mwishoni ni ya biti 32. Nilidhani nasoma kama kawaida kisha napunguza. Hapana, ni kukadiria mara mbili kwa sura nyingine. `1.00000005960464477539062500001f` iko juu kidogo ya katikati kati ya 1 na jirani yake wa biti 32. Ukiisoma kwanza kwa biti 64, kile "kidogo" kinapotea, inakuwa katikati kamili, na kanuni ya shufwa inaishusha hadi 1. Jibu sahihi ni 1.00000011920928955078125. Hesabu kamili haikuhitaji kubadilishwa: inapokea idadi ya biti, 53 au 24, na masafa ya kipeo.

Nimeamua pia konstanti isiyo na `f` iwe ya biti 64 siku zote, na kuiweka kwenye kigeu cha biti 32 bila kusema wazi kunakataliwa. Fortran ilichagua kinyume: `0.1` pale ni ya usahihi wa kawaida, na anayetaka usahihi maradufu anaandika `0.1D0`. Akisahau, kigeu chake kikubwa kinapokea 0.100000001490116119384765625 na hakuna anayemwambia.

Mfumo wa 16 ni kwa wanaotaka kuandika biti zenyewe. `0x1.8p1` ni 3.0, na `0x1.999999999999ap-4` ni `0.1` yetu ile ile. C ilipata maandishi haya mwaka 1999. Kipeo kinatumia `p` kwa sababu `e` ni tarakimu, na nimeifanya `p` iwe ya lazima, kwa sababu `f` nayo ni tarakimu: bila `p` usingejua `0x1.8f` inaishia wapi. Kazi ilikuwa jioni moja.

30 Machi: Kwenda na kurudi

Jaribio la mwisho: chukua biti 64 za kubahatisha, ruka zile zisizo namba na zisizo na mwisho, zichapishe kwa tarakimu 17 za maana, zisome, linganisha biti. Tarakimu 17 zinatosha siku zote kuirudisha namba ya biti 64. Kwa biti 32 zinatosha 9.

Katika 10,000 za kwanza kadhaa zilikosea, zote kwa kushuka biti moja. Majaribio yangu ya mkono yalikuwa yamepita yote. Kosa lilikuwa kwenye kulinganisha baki na nusu ya asili: nilikuwa nazidisha baki kwa 2 kwa funksheni ndogo niliyoiandika haraka kwa kazi hiyo tu, na biti iliyotoka juu ya neno la mwisho ilikuwa inadondoka. Baki kubwa likaonekana dogo. Nimeongeza neno moja la akiba. Baada ya hapo namba milioni 10 zimepita usiku kucha bila kosa hata moja.

Kuhusu konstanti kubwa mno kama `1e400`: Python na JavaScript huzipokea kama isiyo na mwisho. Java huzikataa, na hukataa pia konstanti isiyo sifuri inayoishia kuwa sifuri. Nimefuata Java. Mtu aliyeandika `1e-400` hakukusudia kuandika sifuri.

Gharama hadi leo: miezi miwili na nusu ya jioni, mistari 612 pamoja na majaribio, na kilobaiti 1.5 za kumbukumbu wakati wa kusoma. Kati ya mistari hiyo, niliyoiandika na kuitupa siihesabu.

Ukitaka kujaribu kisomaji chako, anza na hizi. Kulia ni biti kwa mfumo wa 16:

```
0.1                        3FB999999999999A
0.3                        3FD3333333333333
0.99999999999999999        3FF0000000000000
9007199254740993.0         4340000000000000
2.2250738585072011e-308    000FFFFFFFFFFFFF
2.2250738585072012e-308    0010000000000000
5e-324                     0000000000000001
2.4703282292062328e-324    0000000000000001
2.4703282292062327e-324    sifuri (kwangu: inakataliwa)
1.7976931348623158e308     7FEFFFFFFFFFFFFF
1.7976931348623159e308     kubwa mno (kwangu: inakataliwa)
0e99999                    0000000000000000
```

Kilichobaki ni kuchapisha kwa ufupi: `0.1` ikichapishwa kwa tarakimu 17 inatoka 0.10000000000000001, na mtumiaji anataka kuona `0.1`. Hiyo nitaifungulia entri yake nikianza.